Chakula cha Kama, barieri za njiani, na kitansi ambacho hakuna mtu anatoa

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kindu. Tumeyaandika vile yalisemwa, tukapunguza tu kurudiarudia.



Asanteni kuja. Najua kuna motari hapa ambao wameacha kazi saa ya wateja, na kuna wadada ambao wameachia mtu mwingine meza yao kwa saa moja. Sitawachelewesha sana.

Nina swali moja, na kila mtu ajijibu kimoyomoyo. Jana usiku ulikula nini? Ugali na sombe. Wali na samaki. Wengine ndizi ya kuchoma na karanga, basi, wakalala. Sawa. Swali la pili: ile mihogo ilitoka wapi? Ile mafuta ya ngazi iliyopikia sombe, ilitoka wapi? Hapa ndani ya muji wengi watajibu: ilitoka ku soko. Mtoto wa muji njo anajibu vile. Lakini soko halilimi. Soko ni mahali pa mwisho, na leo nataka tuzungumuzie njia inayofika pale.

Nimechagua njia ya Kama. Kama, jina la mahali, siyo ile "kama" ya kusema "kama ningekuwa na makuta". Iko mu teritware ya Pangi, kwa Warega, ng'ambo ile ya Alunguli. Wengi kati yetu tuna bibi ao shangazi kule, ao kule karibu. Wakati wa likizo tulitumwa kule tukiwa wadogo, tukarudi na mfuko wa karanga na ndizi, na hatukuuliza kitu. Ningeweza kuchagua njia ya Kasongo, ya Kibombo, ya Punia. Hadithi ingekuwa karibu ile ile. Lakini mtu aseme juu ya njia anayoijua.

Kitu gani inatoka kule? Mpunga, mihogo mikavu na unga wake, mafuta ya ngazi, karanga, ndizi, pilipili, kuku, mbuzi. Wakati wake, uyoga na viwavi. Vyote hivi haviingii mu lori, juu lori lenyewe, mvua ikianza, halina njia. Vinaingia ku kitunga cha mgongo mwa mama, vinaingia ku porte-bagages ya kinga. Mmeona wale vijana wanaosukuma kinga zilizobeba mabido ya mafuta, wameshika fimbo imefungwa ku gidoni, jasho linatiririka. Hakuna anayepanda. Kinga ile si ya kupanda, ni punda. Wanalala njiani, wanaamka, wanasukuma tena. Wakifika Alunguli bado hawajafika, juu Kindu haina daraja juu ya Lualaba. Muji mkubwa wa jimbo zima, mto unaupasua katikati, na hatuna daraja. Wanangoja baki ao wanalipa mtumbwi, mzigo unashuka, mzigo unapanda, kisha tena mtu wa kubeba mpaka ku soko.

Sasa, wandugu, kuna jambo lilitokea mwaka 2025 ambalo lilipashwa kutufungua macho. Mwezi wa kwanza mwaka ule Goma ilianguka mikononi mwa M23, uwanja wake wa ndege ukafungwa. Mwezi uliofuata, Bukavu. Mnakumbuka vile tulikuwa tunaishi mbele ya pale: maharagi kwa ndege, kabichi kwa ndege, viazi vya Kivu kwa ndege, kitunguu kwa ndege. Tulizoea. Sisi watu wa ardhi ambayo ukitupa mbegu ya papai nyuma ya nyumba inaota bila kuombwa, tulikuwa tunangoja kitunguu kishuke angani. Siku ile njia ya angani ya Goma ilipofungwa, nani alibaki anatulisha? Ni yule wa kinga. Ni yule mama wa kitunga. Wao hawakufunga uwanja.

Na hawa njo tunawaacha wanyang'anywe njiani.

Niseme wazi sasa namna inavyopita. Mama anatoka na mzigo wake. Kabla hajafika mbali, kuna kamba imefungwa kutoka mti mpaka mti. Hiyo njo barieri. Kuna kijana amekaa ku kiti cha mianzi. Anasema: takse. Takse ya nini? Ya njia. Mbele kidogo kamba ingine. Takse. Ya nini? Ya usafi. Ingine: ya mazingira. Ingine: ya usalama. Kila mtu na kofia yake, na wengine hata kofia hawana. Mama akisema hana makuta, hakuna shida, wanachukua vitu: kopo moja ya mafuta, kipimo kimoja cha mchele, mkungu wa ndizi, kuku. Karatasi? Hakuna karatasi. Ukiuliza kitansi unaonekana kama mtu mwenye kutafuta vita.

Mimi sipendi kupiga kelele bila hesabu. Tufanye hesabu pamoja, na ni mfano tu. Kila mmoja aweke bei anazozijua mwenyewe, siku ile na njia ile. Tuseme mtu anasukuma kinga yenye mabido 5 ya mafuta. Bido ni litre 20, mabido 5 ni litre 100. Tuseme njiani kuna barieri 6, na kila moja inaomba franka 2.000. Hiyo ni franka 12.000. Gawanya kwa mabido 5: franka 2.400 juu ya kila bido. Gawanya kwa litre 20: franka 120 juu ya kila litre, mbele hata ya kulipa mtumbwi, mbele ya kulipa mtu wa kubeba, mbele ya jetoni ya soko. Sasa unafika wewe ku meza ya mama pale sokoni, unapima kopo yako, unamwambia: "Mama, umepandisha bei, una roho mbaya." Roho mbaya iko wapi hapo? Yule mama anakuuzia mafuta na kamba sita ndani yake.

Na hiyo ni mafuta, ambayo haiozi. Ndizi inaoza. Mboga inanyauka. Ukimuzuia mtu wa ndizi nusu siku juu hana franka za kulipa, haujachukua franka 2.000, umechukua mzigo wote. Sombe iliyovunwa asubuhi, jioni imekuwa majani ya mbuzi. Njo maana wengine wameacha kuleta. Wanauza pale pale, kwa bei yoyote, kwa mnunuzi wa kwanza anayepita, ao wanaacha shamba na kwenda ku machimbo ya zahabu. Mnawajua, ni ndugu zetu. Kijana wa Pangi mwenye miaka 19 anafanya hesabu yake: shamba la mpunga linaomba miezi, kisha njia, kisha kamba sita. Shimo la zahabu linaweza kutoa kitu leo jioni, ao kumuzika. Anaenda ku shimo. Na kule ku shimo anahitaji kula, ananunua mchele bei ya juu kuliko sisi, na kile kidogo kilichobaki hakifiki tena Kindu. Tukilia kwamba vijana hawapendi kulima, tuseme pia nani aliwafanya wasipende.

Hapa nitaenda mbali kidogo, mnisamehe, lakini ni historia yetu na mu shule walitufundisha vibaya ao hawakutufundisha kabisa.

Mnajua Nyangwe. Iko huko juu, upande wa Kasongo, juu ya Lualaba hii hii. Maji yanayopita hapa Kindu yamepita kwanza Nyangwe. Mwaka 1871 kulikuwa mzungu mmoja pale, David Livingstone, mmisionere na msafiri. Alikaa miezi, akitafuta mitumbwi ya kufuata mto, na hakuipata. Kwa kuwa hakuwa na kazi ingine, alikuwa anaenda kutazama soko, na aliandika mengi juu yake mu daftari yake. Soko la Nyangwe lilikutanisha watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake. Walivuka mto na mitumbwi, walitembea toka mbali wamebeba mzigo mgongoni: samaki, muhogo, mafuta ya ngazi, chumvi, pilipili, vyungu, kuku. Walibishana bei, walicheka, walidanganyana kidogo, kama vile leo. Na kuna kitu alikiandika ambacho mimi, siku nilipokisoma, nilifunga kitabu kwanza. Aliona kwamba hata wakati vijiji vilikuwa mu vita, wanawake wa soko waliachwa wapite. Hakuna mtu aliwagusa. Hiyo ilikuwa sheria ya inchi hii, na hakuna bunge liliipiga kura.

Halafu, tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wenye bunduki, watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, waliingia sokoni pale Nyangwe. Mmoja akaanza kugombana na muuzaji juu ya bei ya kuku, akamkamata yule kuku. Kisha risasi. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikabanana, wengi wakaingia mtoni na vitunga vyao mgongoni, wakazama. Wenyewe waliofanya kazi ile walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Habari ilipofika Ulaya iliwaka moto, ikasaidia kuwasukuma Waingereza wamlazimishe Sultani wa Zanzibar afunge soko la watumwa mwaka 1873. Kwetu hapa, sijaona hata jiwe moja la kuwakumbuka wale wamama.

Sifananishi barieri na mauaji yale. Kufanya vile ni kutukana wafu. Ninachosema ni hiki: ku Maniema, mbele ya Mbelgiji, mbele ya Leopold, kulikuwa desturi kwamba mtu wa soko hazuiwi njiani. Basi mtu asituambie kwamba "barieri ni mambo ya hapa kwetu, ni desturi". Si desturi. Desturi ya hapa kwetu ni kuacha mama apite.

Turudi leo. Sheria inasema nini? Hapa nawaomba muandike, juu watu watawauliza.

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, artikle ya 174: hakuna kodi inaweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Siyo kwa kamba. Siyo kwa simu ya mkubwa fulani. Kwa sheria. Halafu iko ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2018. Hiyo inapanga orodha ya kodi, haki na takse zote ambazo jimbo, muji, komini, sekta na sheferi vinaweza kuomba. Ni orodha ndefu, nakubali, na mimi naona ni ndefu kupita kiasi. Lakini ni orodha, na orodha ina mwisho wake. Kitu ambacho hakimo mu orodha ile, wala mu sheria ingine ya serikali, hakuna mtu ana haki ya kukiomba ku njia. Na hata kile kilichomo, kinalipwa kwa karatasi, kwa huduma inayohusika, kwa bei iliyoandikwa.

Sasa msikie vizuri, juu hapa njo adui zetu watatugeuza maneno. Hatusemi wamama wasilipe kitu. Kodi ya kupanga vitu sokoni iko, ni ya halali, ni ya komini ao ya sekta, na ilipwe. Katiba hiyo hiyo, artikle hiyo hiyo ya 174, inasema kuchangia mizigo ya serikali ni wajibu wa kila mtu anayeishi mu inchi. Sisi tunataka choo sokoni, tunataka maji, tunataka paa ambayo mvua haipenyi, tunataka takataka ziondoke bila kungoja salongo ya Jumamosi. Vitu hivi vinalipwa na kodi. Franka inayobaki ku mfuko wa mtu wa kamba haijengi choo.

Na kuna neno gumu ambalo napashwa kuliweka mezani, nisiwafiche. Nilizungumuza na mama mmoja anayeleta unga wa muhogo. Nikamwambia kwa nguvu zangu zote: "Mama, uombe kitansi!" Akanitazama vile wanavyotazama mtoto. Akasema: "Mwanangu, wakinipa kitansi wananiomba elfu tano. Bila kitansi wananiachia kwa elfu mbili. Wewe utanilipia hiyo elfu tatu?"

Mnaona? Kwa yeye, leo, karatasi ni hasara. Mwenye kukusanya anafaidika, mama anaona amepona kidogo, na anayepoteza ni komini, yaani wote. Njo maana sipendi kusikia kijana wa muji, mwenye simu nzuri, akienda kuwafokea wamama eti "mnakubali rushwa". Yeye hakukubali kitu. Alichagua kati ya maumivu mawili, akachukua dogo. Kama tunataka achague karatasi, karatasi inapashwa kuwa rahisi kuliko mkono mtupu. Hakuna njia ingine.

Wengine watasema: hata wale wa barieri wana watoto, hawalipwi mshahara. Ni kweli. Wengi hawalipwi, wengine walilipwa miezi iliyopita kisha wakasahauliwa. Nawahurumia kweli. Lakini deni la mshahara wao ni la serikali, siyo la bibi wa Kama. Serikali ina deni, na bibi analipa kwa mkungu wa ndizi. Kama wanataka kudai mshahara, waje, tutaandika nao barua yao pia, na mimi nitakuwa wa kwanza kuibeba. Ila watoe kamba kwanza.

Basi tunaomba nini? Vitu viwili tu, juu ukiomba vitu kumi unapewa hotuba.

Cha kwanza: ubao. Ku mlango wa kila soko, ku Kama, ku Alunguli, ku masoko ya Kasuku na Mikelenge, na pale ku bandari mitumbwi inaposhuka, kuwe ubao mkubwa unaosema kodi gani inalipwa hapa, franka ngapi, kwa nani, na kwa sheria gani. Kwa Kiswahili. Si kwa Kifaransa cha ofisi, na herufi zisomeke na mtu aliyeishia darasa la tatu. Ubao hauombi mkopo wa benki ya dunia. Unaomba mbao, rangi, na mkubwa mwenye kukubali kusoma bei zake mbele ya watu. Mtaona kwamba hiki cha mwisho njo kigumu.

Cha pili: malipo moja. Mtu analipa mara moja, mahali pamoja, anapewa karatasi, na ile karatasi inampitisha mpaka mwisho. Bei iwe ndogo. Niamini, watu wengi wakilipa kidogo na karatasi, komini itapata kuliko leo ambapo wachache wanalipa sana na wengine wote wanalipa gizani.

Na sisi tunafanya nini? Katiba, artikle ya 27: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka petisio kwa mkubwa wa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na yule mkubwa anapashwa kujibu mu miezi 3. Miezi mitatu, imeandikwa. Wengi hatuijui hii artikle. Tunajua kuandamana, tunajua kuimba, tunajua kuandika ku WhatsApp saa sita ya usiku. Petisio ni kazi ya pole, haina picha nzuri, haileti kelele. Lakini ina tarehe. Siku tunaiacha ofisini wanatugongea muhuri wa kupokea, na kuanzia pale tunahesabu siku kama mtu anayehesabu mimba.

Njiani, tunafuatana na wamama. Wawili wawili, si kundi. Hatubishani na mtu wa kamba, hatumtukani, hatumguse. Tunabeba daftari tu. Tunaandika: mahali, siku, saa, kiliombwa nini, kilichukuliwa nini, karatasi ilitolewa ao hapana. Basi. Kurasa mia moja za daftari kama hiyo ni nzito kuliko video moja. Na juu ya video, sikieni vizuri wadada na wandugu, nawaomba kwa upole na kwa nguvu: msipige picha ya uso wa mama barierini na kuiweka ku Facebook. Wewe utapata "like" mia mbili, utalala vizuri. Yeye kesho anapita pale pale, na yule wa kamba naye ana simu. Jina lake lisiandikwe hata mu daftari. Andikeni "muuzaji wa mafuta", "muuzaji wa karanga". Inatosha.

Kitu ingine, na hapa ninatugusa sisi wanunuzi. Mchele. Maniema ni inchi ya mpunga. Mpunga ulikuja hapa na Waswahili mu karne ya 19, Kasongo ikajaa mashamba yake, kisha Mbelgiji akafanya watu walime kwa lazima, na fimbo, kulikuwa amri ya kulima kwa lazima tangu 1917. Babu zetu walichapwa juu ya mpunga huu. Leo wajukuu zao wanapita mbele ya meza ya mchele wa Kama wakisema "una mawe", wanaenda kununua mchele wa saki uliovuka bahari kutoka Asia. Kweli, una mawe. Wakati mwingine una mawe. Unaanikwa chini juu hakuna mahali pa kuanikia, unatwangwa mu kinu juu mashini ya kukoboa iko mbali ao haina mazuti. Basi mpepete. Mama zetu walikuwa wanapepeta, na hakuna aliyekufa. Harufu yake ukiupika, mnaijua wenyewe. Wenye migahawa hapa, wadada wenye malewa, ninyi njo mnanunua kwa wingi. Mkikubaliana hata watano kununua saki moja moja kila wiki kwa wamama wa Kama moja kwa moja, kwa bei mliyopatana mbele, mtakuwa mmefanya kitu kuliko hotuba yangu hii yote.

Na tupunguze kubishana bei mpaka mwisho. Mimi napenda kubishana, ni raha ya soko, mama mwenyewe anacheka. Lakini kuna wakati unaona mtu, saa kumi na moja jioni, mtumbwi wa mwisho unakaribia kuondoka, amebakiza mafungu matatu ya sombe, na wewe unamshusha mpaka anatoa bure, juu unajua hawezi kurudi nayo Alunguli. Ile si kubishana. Ile ni barieri ya saba, na wewe njo umeshika kamba.

Ninamaliza na mambo ya kazi.

Karatasi za saini ziko ku ile meza ya mlango. Unaandika jina, komini, saini. Asiyejua kuandika anaweka kidole, wino uko. Mnayejua Kirega vizuri, si kile cha kusalimia tu, tunawahitaji wanne wa kwenda Kama na karatasi hizo, wazisome kwa sauti siku ya soko mbele ya mtu yeyote kuweka kidole. Mtu asisaini kitu ambacho hakukisikia. Safari ni ya kinga, mchango wa chakula tutauokota hapa kati yetu leo, hata franka mia tano inasaidia. Daftari ziko kumi, zimegawiwa tano. Nakala moja ya petisio itaenda ku ofisi ya gavana, moja ku bunge la jimbo, moja kwa mkubwa wa kila soko tuliyotaja, na kila nakala irudi na muhuri wake wa kupokea.

Na mwenye kuwa na mbao za zamani ao rangi nyeupe iliyobaki nyumbani, anione hapa pembeni. Ubao wa kwanza tutautengeneza sisi, bila bei, mistari mitupu, na tutawapelekea wajaze.